Kalamu, Waya na Stika

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashine ya kuhesabu chembe za damu katika hospitali ya mkoa nilikoajiriwa ilimaliza sampuli moja kwa dakika chache tu. Jibu kumfikia daktari ilikuwa habari nyingine. Mashine ilitoa kipande cha karatasi ya risiti. Tukanakili tarakimu zake kwenye rejista, tukazinakili tena kwenye fomu ya mgonjwa, kisha fomu ikamsubiri mhudumu wa wodi apite kuichukua. Picha kamili ya damu ina tarakimu nyingi, na zote zilipita kwenye kalamu mara mbili. Karatasi zenyewe tulizibandika daftarini kwa ajili ya wakaguzi, lakini kwa joto la kwetu maandishi yalififia kabla hawajafika.

Kukosea kunakili hakukuhitaji uzembe. Mtu aliyekesha zamu anaweza kuigeuza himoglobini ya 5.1 kuwa 15.1 kwa mchoro mmoja wa kalamu. Ilitokea, kwa mtoto. Daktari wa zamu alipoviona viganja vya mtoto vimepauka, hakuiamini fomu. Akaja nayo maabara mwenyewe. "Hebu nionyesheni karatasi ya mashine." Tukaitafuta, tukaikuta inasema 5.1. Mtoto akaongezewa damu jioni ile ile. Mkuu wetu wa maabara hakumgombeza mtu. Alisema tu, "Jamani, leo jicho la daktari limetuokoa. Siku lisipokuwepo je?"

Kompyuta ilitangulia, waya ukafuata baadaye sana, na kipindi hicho cha katikati kilikuwa kigumu kuliko vyote. Rejista ilibaki, fomu ilibaki, na sasa tarakimu zile zile tulizichapa pia kwenye mfumo. Tulikuwa tumeongeza mahali pa tatu pa kukosea.

Nyuma ya mashine kulikuwa na tundu la pini tisa ambalo miaka yote tulilifuta vumbi bila kujua kazi yake. Fundi kijana alipokuja kutuunganishia alichomeka waya humo, kimya. Kumbe pini moja ni ya kutuma na nyingine ni ya kupokea, na waya alioleta ulipeleka kutuma kwa kutuma. Akazipishanisha pini ya 2 na ya 3, tarakimu zikaanza kumiminika kwenye skrini.

Akatufungulia dirisha tuyaone mazungumzo yenyewe. Mashine hupiga hodi kwa alama moja tu, ENQ. Kompyuta ikiwa tayari hujibu ACK, yaani karibu. Ikiwa na shughuli hujibu NAK, na mashine hungoja sekunde 10 ndipo ipige hodi tena. Ikikaribishwa hutuma ujumbe vipande vipande, na mwisho wa kila kipande huweka hesabu ya uhakiki inayotokana na kujumlisha namba za herufi zote zilizomo. Kompyuta nayo hujumlisha upya. Hesabu zisipolingana, kipande hukataliwa na kutumwa tena. Utaratibu huo uliwekwa na shirika la viwango la Marekani, ASTM, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo mashine nyingi za maabara zinaufuata. Nilizifikiria rejista zetu: nani aliwahi kuhakiki tarakimu zake namna hiyo, kila mstari, usiku na mchana?

Waya kushika hakukumaliza kazi. Mashine ilikiita kipimo HGB, mfumo ukakiita HB. Mpaka mtu akae aoanishe jina kwa jina, jibu linafika halina pa kukaa. Mashine ya kemia ilitoa kriatinini kwa miligramu kwa desilita, mfumo ukaisubiri kwa maikromoli kwa lita, na 1.0 ya huku ni 88.4 ya kule. Jibu la majaribio lilipotokea kwenye skrini likisomeka 1.1, mwenzangu akacheka: "Huyu ana figo za malaika." Ikabidi rejista na mfumo viende sambamba kwa muda, tukilinganisha jibu kwa jibu, ndipo wodi zikaruhusiwa kusoma.

Kisha zikaja stika za bakodi. Sasa mashine inaisoma mistari iliyo kwenye tyubu, inauliza mfumo sampuli hii ipimwe nini, inapima, inarudisha jibu. Sisi tunayapitia majibu na kuyaidhinisha, na daktari anayasoma wodini kabla sijavua glavu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa halikufa, lilihama. Stika ya mgonjwa mmoja ikibandikwa kwenye tyubu ya mwingine, mashine itapima sawasawa, hesabu ya uhakiki italingana, na jibu litamfikia upesi mtu asiyehusika nalo. Mfumo unaweza kulizuia likipishana mno na jibu lake la awali, lakini mgonjwa mgeni hana jibu la awali. Zamani aliyekuwa akinakili angeshtuka kuona jina la mwanamume kwenye fomu ya wodi ya wazazi. Waya haushtuki.

Kwa hiyo mimi niliyekuwa nikishinda kwenye benchi, siku hizi wodini ndiko kwangu. Nawaambia manesi: muulize mgonjwa jina lake, usimtajie wewe, stika ibandikwe ukiwa bado kando ya kitanda, tyubu tupu zisibandikwe mapema zikapangwa kwenye trei. Nesi mmoja mzoefu akaniambia, "Kaka, nyie mmewekewa mitambo, kazi mmetuletea sisi."

Alikuwa na haki. Printa ya stika ilikuwa mapokezi ya maabara, mbali na kila mgonjwa, na yeye ndiye aliyetumwa kuzifuata akarudi na rundo mkononi. Tukaihamishia wodini, juu ya toroli lile lile la kutolea damu.