Agosti ya 1988, Bila Mrija

Mzee wa Kibukusu aliyeacha pombe ya busaa miaka ile ya themanini alikuwa ameacha pia mahali pa kukaa. Chungu kilipokuwa katikati, maji ya moto yakiongezwa na kila mzee akivuta kwa mrija wake mrefu, hapo ndipo mahari ilipopatanwa na ugomvi wa mipaka ukaisha. Asiye na mrija alisikia uamuzi kesho yake, kutoka kwa mkewe.

Lakini haikuwa busaa iliyommaliza Baba. Ilikuwa chang'aa, pombe kali ya kienyeji. Sheria ya 1980 iliipiga marufuku, nayo ikahamia nyuma ya migomba, kwa mama pima aliyeiuza kwa kificho, ambako mtu hakukaa wala hakuzungumza. Alimeza glasi yake wima, sikio likiwa kwa askari wa chifu. Baba alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha karatasi cha Webuye. Kila mwisho wa mwezi Mama alimngoja stendi ya Misikhu, ashike mshahara kabla haujashikwa na wengine. Baba akajifunza kushuka Lugulu, kituo kimoja kabla. Lugulu kwenyewe, penye misheni ya kanisa la Friends, ambao wamehubiri dhidi ya pombe tangu babu zetu wakiwa vijana!

Aliyempeleka kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe ni mwenzake wa zamu. Walikutana Jumapili alasiri katika darasa moja karibu na soko, wakiongozwa na mwanamume aliyewahi kutibiwa mbali na kwao akarudi na kijitabu cha Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, pale dalali wa hisa na daktari wa upasuaji walipogundua kwamba kusimuliana kunawazuia kunywa. Mimi nilitumwa na Mama kama mlinzi. Nilikaa nje na baiskeli, chini ya dirisha lisilo na kioo, na sidhani kuna neno lililonipita.

Kijitabu kilisema majina ya wanachama yasitajwe nje. Watu wa Misikhu walikicheka sana kifungu hicho. Darasa lilitazama barabara, na akina mama waliotoka kanisani walikuwa na macho. Ukiingia saa tisa, jioni hadi watu wa Kamukuywa wameshajua. Mimi naona afadhali ilikuwa hivyo. Mtu aliyeonekana na soko zima akiingia pale hakuweza tena kujifanya amepita tu kwa mama pima kusalimia.

Vikao vya kwanza vilikuwa vigumu kuvisikiliza. Waliketi duara, kama walivyozoea, ila katikati hapakuwa na kitu, na mikono ilikosa kazi. Mmoja alieleza jinsi alivyouza mabati ya jiko lake mwenyewe, moja baada ya jingine, mkewe akipika mvua ikimnyeshea. Hakuna aliyecheka, nadhani kila mmoja alikuwa na mabati yake. Kisha mtu akaleta birika la chai ya maziwa, likawekwa sakafuni katikati, na tangu siku hiyo maneno yakatoka.

Ikakaribia Agosti. Sisi hutahiri katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na 1988 nilikuwa omusinde, mvulana anayengoja kisu, kengele za chinyimba mikononi, nikizunguka kwa jamaa kualika. Tohara yetu haiendi bila busaa: mvulana mwenyewe humimina maji kwenye chungu siku ya khuchukhila, na wazee wa ukoo huinywa pombe hiyo. Mwenye boma atakaaje mbali na chungu cha mwanawe? Wapo waliowapeleka wana wao hospitalini yakaisha. Baba alikataa, hakutaka nitukanwe na rika langu.

Jambo hilo lilikula kikao kizima. Mmoja alipendekeza Baba asafiri. Mwingine akasema aonje tu, kwa heshima ya wazee. Kiongozi wao, mtu mpole siku zote, alipiga dawati: hakuna kuonja! Mwishowe wakaafikiana kwamba busaa itapikwa chini ya Kukhu, nyanya yangu, baba yangu mkubwa atashika mrija kwa niaba ya boma, Baba ashughulike na fahali na wageni, na wenzake wakeshe naye na birika lao.

Baba mkubwa alikubali kwa hasira. Aliuliza mbele ya watu kama mdogo wake amerogwa. Nilimimina maji, nikaimbiwa usiku kucha, alfajiri nikapakwa tope mtoni, nikasimama mbele ya kisu bila kupepesa. Na Baba je, alikuwa mzima? Alikuwa mzima, najua kwa sababu ya daftari la zawadi. Kila kuku, kila noti ya shilingi ishirini, jina la aliyeleta na la baba yake, yote yaliandikwa kwa mwandiko wake ulionyooka hadi mapambazuko. Miaka mingine kazi hiyo ilikuwa ya Mama, naye aliifanya kwa kukumbuka kichwani, pesa nyingine zikipotea kabla hajaziona.

Aliteleza baadaye, akarudi. Kikundi nacho kilipungua wengine walipohamia Kitale. Lakini Agosti ya 1990 ilipofika, maboma kadhaa yaliwaita watu wa birika washike daftari na pesa za zawadi, maana ni wao tu wangekuwa na akili kufika asubuhi. Wa kwanza kubisha hodi kwetu alikuwa baba mkubwa, aliyekuwa akitahirisha kitindamimba wake. Baba alimwambia atakuja, ila chai iwe tayari na iwe na maziwa ya kutosha.