Mfumo mwepesi ni ule mathe atatumia kama hauko nyumbani

Uliza msee yeyote wa kompyuta mfumo endeshi gani ni mwepesi, atakujibu kwa RAM. Huu unakula kidogo, ule unakula sana, tupa huo, weka huu. Sawa, RAM ni muhimu. Lakini kompyuta ya kuweka chini ya TV pale sebuleni ina kazi moja, kuonyesha filamu, na mara nyingi anayetazama si wewe uliyeiseti. Kwa hivyo mimi naanza na swali lingine: rimoti atashika nani, na akikwama saa tatu usiku atampigia nani?

Nauliza hivyo kwa sababu mwezi huu nahama. Nimepata bedsita, ndogo lakini yangu, na nyumbani naacha kompyuta. Mathe aliinunua na pesa za chama nilipoitwa chuo. Ilikuwa ex-UK kutoka Luthuli Avenue, zile nyeusi bapa za ofisi: Core i5 ya kizazi cha nne, RAM 4GB, diski 500GB. Mwaka wa pili karo ikakosekana, nikatoka, nikaanza kutengeneza video na simu. Kompyuta ikabaki kwa kona imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake Biblia na risiti za chama.

Mathe hajawahi kuniuliza kuhusu hiyo kompyuta. Lakini siku moja broka wa vyuma alipita mtaani akaitajia bei ya kuku wawili. Mathe akamwambia, "Hiyo si skrepa, hiyo ni ya mtoto." Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Hapo ndipo niliamua hii mashine itafanya kazi kwa hii nyumba, na itafanya bila mimi.

Haya, tuingie kwa mifumo.

Ilikuja na Windows 10. Microsoft walimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel orodha inaanza karibu yote na kizazi cha nane. Yangu ni ya nne. Najua kuna ujanja wa kuilazimisha iingie, na watu wanafanya. Lakini ujanja unahitaji fundi wa karibu, na fundi mwenyewe ndiye anahama. Hiyo nikaweka kando.

Ya pili, Lubuntu. Hii ni Ubuntu iliyovuliwa makoti mazito, inatumia LXQt, na unaweza kuijaribu kwa flashi kabla hujagusa diski. Mashine iliamka kama imekunywa chai ya tangawizi. Kwa dawati ningeiacha hapo hapo. Shida ni sofa. Mathe anakaa upande ule mwingine wa chumba, maandishi ni madogo, na mausi imewekwa juu ya sinia kwa mapaja. Kila dakika mbili, "Huyu mshale ameenda wapi tena?" Lubuntu haina makosa yoyote, imetengenezewa mtu aliyekaa karibu na skrini.

Ya tatu, ChromeOS Flex ya Google. Ni safi, rahisi, na ina masasisho. Lakini Play Store haina, na kazi yake kubwa ni ya intaneti. Kwetu intaneti ni bando la simu ya mtu. Mwenye simu akienda dukani, sinema imeisha.

Halafu LibreELEC. Hii ilijitenga na OpenELEC mwaka 2016, na wazo lake ni moja tu: mfumo wa kutosha kuendesha Kodi, basi. Ukiwasha, hakuna dawati wala mafaili ya kutafuta. Unaingia moja kwa moja kwa Kodi, herufi kubwa, unaenda juu, chini, kushoto, kulia, sawa. Kodi yenyewe si kitu cha jana. Ilianza 2002 kama kichezeshi cha Xbox, ikaitwa XBMC kwa miaka, ikapata jina la Kodi 2014. Ilizaliwa kwa ajili ya TV, na unaisikia ukishika rimoti.

Lakini kilichonishika zaidi ni stima. Mtaa wetu stima hupotea bila kubisha hodi. Kwa LibreELEC, mafaili ya mfumo wenyewe yamefungwa, yanasomwa tu, hayaandikwi kila saa. Stima ikienda katikati ya filamu, uwezekano wa mfumo kuharibika na kukataa kuwaka ni mdogo. Diski bado inaweza kufa, hakuna muujiza. Ila nilizima kompyuta kwa soketi mara kadhaa makusudi, ikarudi kila mara. Kwa nyumba isiyo na fundi, hiyo inanishinda kuhesabu RAM.

Sasa ubaya wake, ili usije ukasema sikukuambia.

Kwanza, haina kivinjari. YouTube unaweza kuiweka kama nyongeza ya Kodi, lakini inataka ufungue akaunti ya watengenezaji ya Google, upate funguo zako, uziweke. Mimi naweza. Mathe hawezi, na siku ikikatika atanipigia. Kwa hivyo YouTube nimeiacha kwa simu yake.

Pili, rimoti ya TV. Kuna kitu kinaitwa HDMI-CEC, kinachofanya rimoti ya TV iamrishe kifaa kilichochomekwa. Raspberry Pi inakielewa. Kompyuta nyingi za kawaida hazikielewi, hata ubadilishe mfumo mara mia. Nilinunua rimoti ndogo ya USB. Kama nyumba yako ina Wi-Fi, programu ya Kore inageuza simu kuwa rimoti ya Kodi bure.

Tatu, chipu ni chipu. Filamu za H.264 mashine ya kizazi cha nne inazifungua bila jasho. Za HEVC, zile faili ndogo zenye picha safi, hiyo chipu haina kifaa chake kamili cha kuzifungua, kwa hivyo prosesa inabeba mzigo yenyewe. 1080p inasukuma. 4K inakwama. Intel waliweka HEVC ya biti 10 vizuri kuanzia kizazi cha saba. Mtu akikuambia mfumo fulani utafanya kompyuta kuukuu icheze 4K, muulize chipu iko wapi.

Nne, na hii ishike sana: ukiiinstoli kwa diski ya ndani, LibreELEC inachukua diski yote. Inafuta. Hakuna kugawana na Windows. Picha za familia zihamishe kwanza, zifungue uone zinafunguka, ndipo ubonyeze.

Nilivyoamua si kwa kupima sekunde za kuwaka. Nilichukua karatasi nikaandika watu wa nyumba hii wanatazama nini. Mathe: kwaya, video ya ruracio ya sista, video ya mazishi ya guka. Bro mdogo: filamu za DJ Afro, usiku kucha ukimwachia. Vyote viko kwa diski. Hakuna hata kimoja kinachohitaji kivinjari. Jibu likatoka kwa karatasi, LibreELEC. Filamu nikazipa majina safi, jina na mwaka, ili Kodi izitambue na kuziwekea mabango. Video za familia nikaziweka folda yake, jina kubwa: NYUMBANI.

Kama karatasi yako itasema kitu kingine, fuata karatasi yako. Nyumba yenye Wi-Fi ya kueleweka, watu wa YouTube tupu, weka Lubuntu au Debian yenye dawati jepesi, kuza maandishi hadi yasomeke kutoka sofa, kivinjari kifunguke chenyewe. Kama chipu ni ya zamani, weka kiendelezi cha h264ify, kwa sababu YouTube hupenda kutuma VP9 au AV1, na hizo zitachosha prosesa yako bure. Na kama unanunua upya na unahofia tokeni, angalia Raspberry Pi. Pi 4 chaja yake rasmi ni ya wati 15, na kompyuta ya ofisi haiwezi kushindana na hiyo kwa stima.

Wiki jana nilienda kushuti Nakuru, nikalala huko. Simu niliiweka karibu na kichwa. Haikulia. Kesho yake nikauliza bro kama kompyuta ilikataa kuwaka. Akasema mathe aliwasha mwenyewe, akaingia NYUMBANI, akatazama guka akizikwa, kisha akatazama ruracio mara mbili, akazima, akalala. Aliniambia mwenyewe baadaye, akiosha vyombo, bila kugeuka: "Hiyo kitu yako inafanya." Kwa mathe, hiyo ni hotuba.

Wasee wengi tuliotoka chuo tunabaki mafundi wa bure wa nyumba nzima. Rauta, simu, printa ya jirani, zote ni zako. Kuna raha fulani kuitwa, sikatai, unajisikia wa maana. Lakini ukiseti kitu ambacho ni wewe tu unakielewa, umewaacha wanakuhitaji, hujawasaidia. Kwa hivyo kabla ya kudaunlodi mfumo wowote, kaa kwa kiti cha mtu atakayeutumia. Weka miwani yake kama anavaa. Shika rimoti kwa mkono mmoja, kikombe kwa mwingine. Kisha mwachie usiku mmoja, na wewe usishike simu.