Ushanga wa Ujiji

Niliiba Ujiji. Kwa miaka tisa nimelipaka neno hilo rangi, mara "niliokota", mara "nilijichukulia kumbukumbu". Lakini mimi ni mwalimu wa historia, na siku ile nilijua ninachokifanya.

Nilifika kwa daladala kutoka Kigoma mjini, asubuhi baada ya mvua kubwa ya usiku. Kwenye kumbukumbu ya Livingstone, pale Stanley alipomkuta mwaka 1871, sikukaa sana. Habari ya Wazungu wawili kusalimiana chini ya mwembe kila mtoto wa shule anayo. Kilichonivuta ni mji wenyewe: nyumba zenye baraza, miembe mikongwe, wazee wa kanzu wakitoka msikitini. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora iliishia hapa, na watu waliotekwa ng'ambo ya ziwa, Manyema, walianzia hapa safari ya miguu kwenda pwani. Nilitembea taratibu, kifua kimejaa.

Nikiteremka kuelekea ziwani, kando ya shamba la mihogo, nikaona kitu cheupe pale maji ya mvua yalipokwangua udongo. Nikachuchumaa. Ulikuwa ushanga, mwembamba, mrefu kidogo kuliko punje ya mchele, tundu limejaa udongo mwekundu, ncha moja imelika. Mikono ilinitetemeka. Nilishasoma kuhusu sofi, shanga zilizotumika kama fedha katika soko la Ujiji. Cameron, Mwingereza aliyefika hapa mwaka 1874, alizifananisha na vipande vya shina la kiko. Aliandika pia kwamba soko lilipofunguliwa palikuwa na watu wenye mifuko ya shanga wakiwabadilishia wanunuzi, na lilipofungwa walizipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakijipatia faida yao.

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikautia mfukoni. Kule kutazama ndiko kunakonihukumu, kwa maana mtu anayeokota chake haangazi macho pembeni. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiifundisha.

Niliuweka kwenye kibati cha peremende. Kila mwaka tulipofika kwenye biashara ya masafa marefu niliupitisha darasani, mkono kwa mkono, na darasa likatulia kama msikiti. Nilijivunia utulivu ule. Mpaka mwaka juzi, binti mmoja alipoushika kiganjani na kuuliza: "Mwalimu, na sisi tukienda ziara tunaruhusiwa kuokota?"

Nikasema hapana. Akanitazama, akautazama ushanga, akaurudisha kibatini polepole, akakaa. Hakuniuliza lingine. Usiku ule sikulala.

Likizo ilipofika nikarudi Ujiji. Mhifadhi niliyemkuta kwenye kumbukumbu ni mtu mzima, kanizidi umri. Nikamwamkia, nikamweleza yote bila kuficha. Hakunikaripia. Alivaa miwani, akaugeuza ushanga kwenye mwanga wa dirisha, akauliza: "Uliuokota wapi hasa, mwalimu?"

"Njia ya kwenda ziwani."

"Upande wa juu au wa chini?"

Tukatoka kutafuta. Shamba la mihogo halipo tena, pana nyumba za matofali na ukuta. Nikaonyesha hapa, kisha pale, kisha nikanyamaza.

Akanieleza kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi. Enzi za Livingstone ziwa lilikuwa likipanda, kwa sababu Mto Lukuga, upande wa Kongo, ambao ndio mlango wake wa kutolea maji, ulikuwa umezibwa na matope na magugu. Mnamo 1878 maji yakapasua kizuizi, ziwa likashuka, ufukwe ukajivuta mbali na mji. Kwa hiyo sehemu ya ardhi tunayokanyaga leo tukiteremka ilikuwa majini. Ushanga uliolala juu ya mpaka ule una habari yake, uliolala chini una nyingine. Pengine palikuwa na vigae vya vyungu karibu yake, pengine mkaa, pengine shanga nyingine kumi zilizokuwa zimefungwa kwenye uzi mmoja uliooza. Niliona kitu kimoja tu, na hata sikutembeza macho kuangalia vingine.

"Shanga kama hizi zipo," alisema. "Ningependa kujua huu ulilala wapi."

Tukarudi ofisini. Akafungua daftari, akaandika tarehe, akaandika: ushanga mweupe, mmoja. Alipofika kwenye safu ya mahali akasimamisha kalamu, akaninyanyulia macho, akanisubiri. Mimi nikainamisha kichwa. Akaandika "hapajulikani", akanigeuzia daftari nitie sahihi.