Lesi ya Darajani na Viatu vya Shule



Leo sina mshono mpya wa kuwaonesha. Nina kisa kilichonipata mwezi wa Januari, na nawaambia mapema kwamba ndani yake mie si mtu mzuri sana.

Wanaonijua wanajua kuwa mie ni mtoto wa Unguja niliyeolewa Ngara, mkoa wa Kagera, kule juu ambako nchi yetu inapakana na Rwanda na Burundi. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea ushonaji, na sasa nina duka la nguo za harusi, cherehani mbili za umeme na msichana mmoja wa kunisaidia. Waislamu huku si wengi kama kwetu, lakini harusi zipo, na mabibi harusi wanataka stara inayopendeza: mkono mrefu, shingo iliyofunikwa, gauni lisilobana. Hapo ndipo ilipo riziki yangu.

Maudhi ya kila siku, kila mwenye biashara anayajua. Umeme unakatika pasi ikiwa juu ya satini. Mteja anachukua nguo Alhamisi, anaahidi kumalizia pesa Jumamosi, na Jumamosi simu yake haipokewi. Bodaboda anasema "nimefika" na bado yuko kijiweni. Mwingine anaingia "kuangalia tu", anapiga picha mshono wako, anaupeleka kwa fundi mwingine. Fundi mwenzangu, duka la tatu kutoka langu, alishona gauni kutokana na picha ya gauni langu mwaka jana. Tangu siku hiyo tukawa tunapishana kama hatuonani.

Basi Januari nikapata kazi ya bibi harusi wa Biharamulo mjini. Baba yake ameshatangulia mbele ya haki, na aliyelipia gauni ni shangazi yake, kidogo kidogo, kwa pesa za kuuza maharage. Ndoa ilikuwa Ijumaa, baada ya sala. Binti alipenda lesi moja aliyoiona kwenye simu yangu, nami nilijua inapatikana Darajani. Dada yangu akanunua, akaituma kwa boti hadi Dar es Salaam, kutoka hapo ikapanda basi. Safari ya Dar mpaka huku ni zaidi ya kilomita 1,000.

Jumapili jioni nikaenda kuchukua mzigo. Nikapewa kiroba kilichoshonwa mdomo, nikasaini bila kukifungua. Nilipofika dukani nikakata uzi. Ndani mlikuwa na jozi tatu za viatu vyeusi vya shule, soksi na madaftari. Lesi hamna.

Nikapiga simu kwa wenye basi. "Mzigo umefika, dada. Sahihi yako iko hapa." Nikapiga tena na tena, na mara ya nne hawakupokea. Nikalia. Nikamwambia mume wangu kuwa watu wa nchi hii ni wezi. Yeye ndiye mtu wa nchi hii. Akaniangalia, akasema, "Ngoja kukuche."

Jumatatu shule zikafunguliwa. Siku nzima nilikuwa nalalamika: kwa wateja, kwa jirani, kwa dada yangu kwenye simu. Msichana wangu akaniambia, "Dada, hapa kwenye kiroba pameandikwa namba ya simu." Nilikuwa nimeshaiona tangu jana yake, imeandikwa kwa kalamu nene. Nikamjibu, "Achana nayo. Nina shida yangu." Kiroba kikabaki chini ya meza ya kukatia.

Jumanne, baada ya sala ya Alasiri, ikaingia namba nisiyoijua. Sauti ya bibi mtu mzima ikauliza, "Wewe ndiye mwenye kitambaa cheupe?"

Alikuwa anapiga kutoka Lusahunga, wilaya ya Biharamulo, ambako basi lilikuwa limepita kabla ya kufika kwetu. Mzigo wake na wangu vilibadilishana hapo. Dada yangu alikuwa ametia karatasi yenye namba yangu ndani ya mfuko, lakini iliingia maji na tarakimu ya mwisho ikafutika. Bibi hasomi vizuri. Mjukuu wake ndiye aliyesoma zilizobaki, kisha wakajaribu kila namba, kuanzia sifuri. Kila walipopata pesa ya vocha wakajaribu mbili tatu zaidi. Namba yangu inaishia na nane. Piga hesabu mwenyewe ni watu wangapi waliowajibu "umekosea namba", tena wengine kwa ukali, kabla hawajanifikia mie.

Jumatano, baada ya Alfajiri, nikapanda gari na kiroba cha viatu mapajani. Barabara ile inapita porini, upande wa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019. Wazee wa huku hawaisahau enzi ya majambazi, ambapo magari yalisubiriana yapite kwa msafara wa polisi. Siku hizi tunalalamikia malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi yanayotuchelewesha. Nikawaza njiani kwamba hata malalamiko yetu yamepata unafuu, na hakuna aliyeshukuru.

Bibi nilimkuta stendi, anauza ndizi mbivu na karanga. Lesi yangu aliikunja ndani ya khanga safi, hata vumbi haikupata. Akasema, "Nilijua ni cha harusi. Na harusi haisubiri."

Nikamkabidhi viatu, nikauliza watoto wako wapi.

"Shule. Wameenda na kandambili."

Hapo nikashindwa kumtazama. Nikamwambia ukweli: "Bibi, namba yako niliiona tangu Jumapili. Sikupiga."

Akafungua kiroba, akaangalia soli za viatu, akasema, "Ulikuwa na shida yako." Neno lile lile nililomwambia msichana wangu, ila kinywani mwake halikuwa na ukali. Nikataka kumpa pesa, akakataa. Nikanunua ndizi, akaniuzia kwa bei ya kila mtu, hata mia hakupunguza. Nilicheka mwenyewe garini huku machozi yananitoka.

Kazi ikabaki siku moja na nusu. Nimekata gauni, nimeunga mwili, Alhamisi magharibi umeme ukakatika mtaa mzima. Nikakaa sakafuni na mikono ya gauni ambayo bado haijaungwa. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa yule fundi mwenzangu, ana taa ya sola mkononi. Akasema, "Ile cherehani yangu ya miguu haitaki umeme. Njoo."

Nikaenda. Mie nikashona mikono na pindo, yeye akachukua sindano akaanza kutunga shanga kifuani bila kuombwa. Habari ya ile picha hakuna aliyeigusa. Tulimaliza usiku mkubwa. Sitasema tumekuwa mashoga, maana sivyo. Ila sasa tunapokutana tunaamkiana, na nikiishiwa uzi mweupe najua mlango wa kugonga.

Gauni lilifika Biharamulo Ijumaa asubuhi. Binti alilivaa, akajigeuza mbele ya kioo, akasema shela ni fupi kidogo! Shangazi yake akanimalizia pesa yangu yote pale pale, noti zilizokunjwa ndogo ndogo. Mie nikasema alhamdulillah.

Niliporudi nikamhadithia mama mkwe. Akanikumbusha Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja tu, wakakimbilia wilaya hii yetu. Akasema, "Miti ilikwisha milimani, maji yakawa ya kugombania. Tulilalamika kila siku. Na kila siku tukawapa maji."

Maneno hayo sijayaacha mpaka leo. Kumbe kulalamika si dhambi kubwa. Maudhi yapo, na aliyeumia lazima aseme. Kosa langu ni kwamba malalamiko yalinijaa mikono, nikakosa mkono wa kunyanyua simu. Niliwaita watu wezi, na muda wote huo mie ndiye niliyekaa na viatu vya watoto wa watu chini ya meza. Nyani haoni kundule. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa hata kuondoa udhia njiani ni sadaka. Udhia wa njia ya bibi yule nilikuwa nao mie, umbali wa simu moja.

Mabibi harusi wangu, nina machache ya kuwaachia. Ukituma kitambaa, andika namba ndani na nje ya mfuko, na ile ya ndani itie kwenye nailoni. Fungua mzigo kabla ya kusaini. Fundi akichelewa, mpigie kwa upole kwanza, hujui kapatwa na nini. Ukishavaa, mmalizie pesa yake siku ile ile. Na mtu akikupigia kwa kukosea namba, mjibu vizuri. Pengine anatafuta mwenye lesi yake, na wewe ni wa tano au wa sita.

Msichana wangu nimemwomba radhi. Na chini ya meza ya kukatia hakiwekwi tena kitu cha mtu.

Allah azijaalie ndoa zenu mapenzi na huruma, na atujaalie macho ya kuona mema madogo kabla hayajapita.

Wasalaam.