Chimba Mche Mmoja Kwanza

Ukitaja bakteria hosteli, mtu wa kwanza atakuuliza kama umepimwa UTI au taifodi. Wa pili atasogeza kikombe chake pembeni. Ndivyo tulivyolelewa: bakteria ni wa maji machafu, wa chipsi zilizolala, wa kunawa mikono kabla ya kula. Mimi nasoma Elimu, masomo yangu ya kufundishia ni Biolojia na Kemia, kwa hiyo bakteria mzuri nilikuwa namjua kwenye notsi. Shambani nilikutana naye likizo ya mwaka jana, nyumbani Misungwi, kwa sababu kulikuwa na hela ya kutumia na ilibidi tuamue iende wapi.

Hela yenyewe ilitokana na mbuzi wawili. Mama aliwauza mnadani akiwa na mambo mawili kichwani: michango ya shule ya mdogo wangu aliyeko kidato cha tatu, na choroko. Mvua zilikuwa zimechelewa kuanza, zikaja kidogo, zikakata. Choroko zilikuwa zimedumaa, majani yamepauka. Kila aliyepita njiani alikuwa na ushauri, na ushauri wa wengi ulikuwa mmoja: weka urea. Mfuko mmoja ungemeza mbuzi mmoja na zaidi.

"Wewe si ndiyo unasoma mambo haya," mama akaniambia jioni. "Niambie basi. Choroko inataka urea au haitaki?"

Nikamwambia, "Mama, kesho asubuhi nipe jembe, nitakujibu."

Kabla sijasema tulichokuta, nieleze kwa nini jibu lilikuwa chini ya ardhi. Hewa tunayovuta ina asilimia 78 ya naitrojeni. Mmea unaihitaji sana, maana bila naitrojeni hakuna protini wala ukijani wa majani, lakini hauwezi kuichukua hewani moja kwa moja. Ni kama kupanga geto kando ya ziwa lote hili, halafu bomba la uani halitoi hata tone. Maji unayaona, ila hayakufikii.

Kiwandani binadamu wamelitatua kwa gesi asilia, joto kali na mgandamizo mkubwa, na matokeo yake ni urea. Asilimia 46 ya urea ni naitrojeni, yaani kwenye mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 23 za naitrojeni. Ni kitu kizuri, simpingi anayekitumia kwenye mahindi au mpunga. Ila ni kitu cha hela, na bei yake inapangwa mbali. Ilipopanda duniani mwaka 2022, ilifika mpaka kwetu, na serikali ikalazimika kuanzisha ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliojiandikisha.

Sasa kuna viumbe wanaofanya kazi hiyohiyo bila kiwanda. Wanaitwa rhizobia, bakteria wanaoishi kwenye udongo. Mholanzi Martinus Beijerinck ndiye aliyefanikiwa kuwatenga kutoka kwenye mizizi na kuwakuza peke yao mwaka 1888. Mmea wa jamii ya kunde ukiota, mizizi yake hutoa kemikali kama hodi, bakteria wanaofaa wanaitikia, wanaingia kwenye mzizi, na mmea unawajengea chumba. Hicho chumba ni kinundu, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Mmea unawapa sukari, wao wanaugeuzia naitrojeni ya hewa iwe chakula. Hakuna anayemfadhili mwenzake. Kila mmoja analipa kodi.

Bibi yetu hakuwahi kusikia jina la rhizobia, lakini alijua kazi yao. Wasukuma tuna majina ya udongo kuliko baadhi ya vitabu: luseni ni ule wa kichanga kule juu, itogolo uko chini yake, na mbuga ni ule mweusi mzito wa bondeni, unaonasa viatu masika na kupasuka nyufa kiangazi. Kwenye luseni bibi alipanda karanga, na msimu uliofuata akahamishia mahindi palepale. Ukimuuliza kwa nini, alisema karanga huacha udongo umeshiba. Na kweli, mizizi na majani ya karanga yakiozea shambani, sehemu ya naitrojeni inabaki kwa atakayefuata.

Turudi kwenye jembe. Ukitaka kuangalia vinundu usivute mche, kwa sababu ukivuta vinakatika na kubaki ardhini, utadhani havipo. Chimba kuuzunguka, nyanyua na udongo wake, kisha suuza taratibu kwenye ndoo. Wakati mzuri ni kati ya wiki ya tano baada ya kupanda na kipindi cha kutoa maua. Sisi tulichimba michoroko sita, sehemu tofauti za shamba. Yote ilikuwa na vinundu. Nikavipasua kwa kucha, ndani vilikuwa vyekundu kama nyama mbichi. Mama akashtuka: "Ina damu?"

Karibu sawa. Ndani ya kinundu kinachofanya kazi kuna protini inayofanana na ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu, na kazi yake ni kushughulika na oksijeni ili isiwaharibie bakteria mitambo yao. Kinundu chekundu au cha waridi kinafanya kazi. Kikiwa cheupe ndani, hakijaanza au kimekaliwa na wapangaji wavivu. Kikiwa cha kijani, kimechoka. Huhitaji maabara kujua hilo, unahitaji jembe na kucha.

Kwa hiyo jibu la mama lilikuwa hili: choroko zake zina kiwanda chao tayari. Choroko na kunde hazichagui sana, zinaelewana na bakteria wengi waliomo kwenye udongo wetu. Ukizimwagia urea nyingi, mmea unapata cha bure na kuacha kuwalisha bakteria, kwa hiyo umelipa hela kuwafukuza wafanyakazi wasiodai mshahara. Kilichozidumaza kilikuwa maji, na urea hainyeshi. Mama alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi michango ilipwe." Ikalipwa. Choroko hatukuvuna nyingi, ila hatukudaiwa na mtu.

Hapo kuna mtu atauliza: kama shida ni maji, bakteria watasaidia nini? Wapo wanaosaidia kidogo, na hiyo kidogo ina maana kwenye mwaka mbaya. Mmea ukipata kiu hutengeneza gesi ya ethilini, ileile inayoivisha ndizi zikifunikwa. Ikizidi, mizizi inaacha kurefuka wakati ule hasa inapohitaji kufuata unyevu chini. Baadhi ya bakteria wanaoishi kando ya mizizi hula malighafi ya gesi hiyo kabla haijatengenezwa, na mzizi unaendelea kushuka. Wengine hutoa ute, mfano wa mlenda, unaoshikamanisha chembe za udongo na kubakiza unyevu karibu na mzizi. Hawaleti mvua. Wanaunyooshea mmea siku, na wakati mwingine siku hizo ndizo zinazoufikisha kwenye mvua inayofuata. Lakini na wao ni viumbe. Ukame mkali ukija, kinundu nacho kinasinyaa, mara nyingi kabla hata jani halijanyauka. Anayekuambia bakteria ni tiba ya ukame anakuuzia kitu.

Nilipokuwa najiona nimeshinda, baba mdogo akaniita kwake. Alikuwa amejaribu soya kwenye luseni iliyolimwa pamba miaka mingi. Soya ilikuwa ya njano shamba zima. Tukachimba, tukasuuza: mizizi mitupu, kinundu hata kimoja. Maelezo yake hayana ugumu. Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na bakteria wake wa kwao hawakusafiri naye. Ndiyo maana watafiti wa IITA, Nigeria, walitumia miaka mingi kuzalisha aina za soya zinazokubali bakteria wa Afrika. Nyingine bado zinamtaka wa kwao, na hapo ndipo mkulima anatakiwa kuwanunua bakteria, wakiwa kwenye pakiti, na kuwapaka kwenye mbegu siku ya kupanda. Unalowesha mbegu kwa maji ya sukari kidogo ili washike, unachanganya kivulini, unapanda siku hiyohiyo na kufukia haraka, maana jua linawaua.

Teknolojia hii si ngeni kwetu. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kiliwahi kutoa bakteria wake kwa jina la Nitrosua. Kenya wana Biofix, iliyotoka Chuo Kikuu cha Nairobi na kuzalishwa na kampuni ya MEA. Mradi wa N2Africa, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, ulianza mwaka 2009, na Tanzania ikawa moja ya nchi zake kuu katika awamu ya pili iliyoanza 2014. Sayansi yake, kwa hiyo, ipo. Tena inajulikana kwamba bakteria peke yao hawatoshi, mikunde inahitaji na fosforasi, na hiyo tunachimba wenyewe pale Minjingu, mkoani Manyara.

Basi nikaja mjini kumtafutia baba mdogo pakiti. Nilizunguka maduka ya pembejeo siku nzima. Wengi hawakujua nazungumzia nini, mmoja akanipa dawa ya kuua bakteria. Duka moja lilikuwa nayo. Ilikuwa juu ya rafu, dirishani, jua la saa nane likiipiga, na tarehe yake ilikuwa imepita miezi minne. Muuzaji akanihakikishia, "Hiyo haina shida kaka, dawa haiozi."

Hapo ndipo penye tatizo lote. Ile si dawa wala si mbolea. Ni mifugo. Ndani ya pakiti kuna mamilioni kwa mamilioni ya viumbe hai wanaohitaji kivuli na ubaridi, kama vile vifaranga wanavyohitaji matundu kwenye boksi. Ukiwaweka dirishani unauza udongo mweusi kwa bei ya mifugo. Na mkulima akitumia pakiti mfu, soya yake itakuwa njano vilevile, naye hatasema pakiti ilikufa. Atasema kitu chenyewe ni utapeli, atawaambia na majirani, na kijiji kizima kitafunga mlango kwa miaka kumi.

Sitaki mtu aniambie ubaridi hauwezekani Kanda ya Ziwa. Minofu ya sangara inatoka Mwanza hii ikiwa baridi, inapanda ndege, inafika mezani Ulaya ikiwa haijaharibika. Chanjo za watoto zinafika zahanati za vijijini kwenye maboksi yenye barafu, zikibebwa kwa pikipiki. Tunajua kumfikisha samaki aliyekufa Ulaya akiwa salama, lakini bakteria aliye hai anashindwa kumaliza safari ya Mwanza mjini hadi Misungwi, wakati daladala zinakwenda kutwa. Na pale pale Misungwi ndipo kilipo kituo cha utafiti cha Ukiriguru, maarufu kwa mbegu za pamba tangu enzi za mkoloni. Hakuna umbali wa kutushinda hapo. Kuna jambo ambalo hakuna aliyelishika kama kazi yake.

Ndiyo maana naandika haya hapa na si kwenye ripoti ya somo. Wengi wetu wa kanda hii tumelipiwa ada na choroko, dengu, pamba na mpunga. Bumu likichelewa, wa kupigiwa simu ni yule aliye shambani. Watu wa Biashara mnaotafuta wazo la mradi: mwenye duka la pembejeo akiwa na friji ndogo, daftari la oda kabla ya msimu na kawaida ya kutoweka mzigo wa kukaa mwaka mzima, ameshamaliza nusu ya tatizo. Watu wa Sheria: pakiti ya kiumbe hai iliyopitwa na wakati ikiuzwa kwa mkulima, nani anawajibika? Watu wa Habari: redio za Mwanza zinasikika mpaka visiwani, dakika tano za kueleza kinundu chekundu na kinundu cheupe zingewaokolea watu mifuko mingapi ya urea?

Mimi nimejipa kazi moja. Baba mdogo amekubali kurudia soya kwenye robo ekari, nusu yake ikiwa na bakteria na nusu bila, mbegu moja, siku moja ya kupanda. Pakiti nitaiagiza kwa anayeihifadhi vizuri, na itasafiri kwenye boksi la barafu kama chanjo. Ikikataa, nitasema imekataa. Matokeo nitayaleta kwenye gazeti hili.

Kwa sasa ukienda nyumbani likizo, kabla hujamruhusu mtu amshauri mama yako kuuza mbuzi kwa ajili ya kunde, choroko au karanga, omba jembe. Chimba mche mmoja, suuza mizizi, pasua kinundu. Rangi utakayoiona ndani itakwambia hela iende wapi.