Chungu Kimoja, Watoto Sita



Anayepeleka mtoto kusoma Lubumbashi analipa mara mbili: pesa ya masomo, kisha tumbo la mtoto. Ile ya kwanza inaandikwa kwenye karatasi. Ya pili haiandikwi popote, lakini inaweza kumrudisha mtoto nyumbani.

Binti yangu anasoma kule. Kutoka hapa Kapata ni karibu kilomita 300. Siwezi kumpelekea chakula kila juma. Mwaka wa kwanza alipika peke yake. Unga ulikwisha kabla ya mwezi, na siku moja akaniuliza kwa simu: "Mama, nilale njaa ama nirudi?" Sikuwa na jibu.

Jibu alilipata kwa wenzake. Wasichana sita wa nyumba moja walikubaliana kula chungu kimoja. Kila juma kila mmoja anatoa meka moja ya unga na pesa kidogo ya makala, mafuta na mboga. Wanapika kwa zamu: leo bukari na sombe, kesho lengalenga, pesa ikitosha ndakala. Mbabula ni moja badala ya sita. Yule ambaye kwao hawajatuma kitu anakula vilevile. Anachota maji, anaosha vyombo, na mwezi ujao anatoa yake. Mmoja asipofika kula, wanaenda kugonga mlango wake. Ndivyo walivyojua kwamba mwenzao alikuwa amelala na malaria.

Sisi tuliokulia katika kambi ya Gécamines tunakumbuka posho, unga uliogawanywa na kampuni kwa hesabu ya kila jamaa. Miaka ya 1990 mishahara ikachelewa, na mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wakaondoka "kwa hiari". Jamaa ngapi humu zilivuka miaka ile kwa sahani ya jirani? Watoto hawa wanafanya kule tuliyoyafanya hapa.

Basi nina ombi. Wenye watoto Lubumbashi, tusitume kila mmoja kifuko chake na kulipa gari kila mmoja peke yake. Tufanye kama likelemba: kila mwezi tuchange, tununue gunia la unga, liende kwa gari moja, watoto wagawane. Mwenye mtoto anayesoma hapa Kolwezi na kupanga chumba mbali na nyumbani, naye aje.

Tulizungumze kwenye mkutano wa juma hili. Mimi naanza na meka tano.