Roboti Iliyosahau

Je, umewahi kuandika hesabu ubaoni, kisha mwenzako akaufuta ubao kabla hujainakili daftarini? Jambo kama hilo lilinipata huko Sigi, chini ya milima ya Amani, Usambara Mashariki, nilipounda roboti ndogo yenye magurudumu mawili.

Roboti hiyo iliongozwa na chipu iitwayo ATmega328P, ambayo hutumika katika mabamba mengi ya Arduino, mradi ulioanzishwa Italia mwaka 2005. Ilikuwa na skrini ya mistari miwili, kila mstari nafasi 16 za herufi. Mota ya kulia ilizunguka upesi kuliko ya kushoto, kwa hiyo roboti ilipinda daima upande wa kushoto. Nilibonyeza vitufe huku nikitazama skrini, hata nikapata kasi zilizoinyosha: kushoto 180, kulia 165. Nilifurahi sana. Lakini nilipoizima na kuiwasha tena, namba zote zilikuwa zimepotea.

Sababu ni hii. Chipu hiyo huweza kutunza namba kwa njia mbili. Kumbukumbu ya kwanza ni kama ubao: umeme ukikatika, yote hufutika. Ya pili ni kama daftari: hutunza namba hata betri ikiondolewa. Ina nafasi 1,024, na kila nafasi hubeba namba moja kuanzia 0 hadi 255.

Basi nikaagiza programu iandike kasi hizo katika kumbukumbu ya pili mara 10 kila sekunde. Hapo nilikosea tena! Ukiandika na kufuta mahali pamoja daftarini mara nyingi, karatasi hutoboka. Vivyo hivyo, kila nafasi ya kumbukumbu hiyo imekadiriwa kuandikwa mara 100,000. Gawanya 100,000 kwa 10: utapata sekunde 10,000, muda usiofika saa tatu! Siku chache baadaye skrini ilionyesha kulia 255. Roboti iligeuka ghafla, ikatumbukia mtaroni, na skrini ikavunjika. Ilinibidi kuweka akiba miezi miwili ili ninunue nyingine.

Sasa natumia nafasi nyingine za kumbukumbu. Programu husoma kwanza namba iliyotunzwa, huilinganisha na mpya, na huandika endapo tu zimetofautiana. Roboti yangu haijasahau tena.

Zoezi: Kama programu ingeandika mara moja kila dakika, usiku na mchana, ingetimiza mara 100,000 baada ya siku ngapi?